Mjusi wa Tendaguru na Mikono Iliyomfukua

Kila habari ya mjusi mkubwa wa Tendaguru inapoibuka, iwe bungeni, magazetini au kwenye baraza za kahawa, mabishano hufuata njia ileile. Mmoja husema mifupa ile ilitoka katika udongo wetu, kwa hiyo irudi. Mwingine humjibu kwamba udongo kweli ulikuwa wetu, ila elimu ilikuwa ya Wajerumani, na bila wao yale yangebaki mawe tu katika pori la Lindi. Hapo wa kwanza hukosa la kusema, akabaki kulirudia neno wizi kwa sauti kubwa zaidi. Leo, msikilizaji, nataka tuichambue hoja hii taratibu, kwa sababu naona wabishi wote wawili wameipokea dhana moja ambayo ushahidi unaikataa: kwamba Mwafrika alichotoa Tendaguru ni ardhi na misuli, na akili ilikuja kwa meli. Dai la Tanzania lina msingi wenye nguvu kuliko udongo. Msingi huo ni kazi, na ninaposema kazi ninakusudia kazi ya ujuzi, yaani kutafuta, kutambua, kufukua na kuhifadhi.

Tendaguru ni kilima katika Mkoa wa Lindi, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, umbali wa kama kilometa 60. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini upande huo kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani, alifika mahali ambapo mifupa mikubwa ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, akathibitisha kuwa ni mabaki ya dinosaria. Makumbusho ya Berlin yakachangisha fedha kwa matajiri na watu wa hadhi, na kuanzia 1909 hadi 1913 yakaendesha uchimbaji mkubwa, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye na Hans Reck, yuleyule ambaye mwaka 1913 alikwenda kuchimba Olduvai. Zaidi ya tani 220 za mifupa na mawe zilisafirishwa kwenda Berlin. Mwaka 1937 mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote waliopatikana ikaunganishwa na kusimamishwa katika ukumbi wa makumbusho. Wataalamu leo humwita Giraffatitan brancai, na aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kwa namna alivyosimamishwa upya mwaka 2007, kimo chake ni mita 13.27. Hayo ndiyo yanayosimuliwa siku zote, na yote ni kweli.

Sasa tuhesabu watu. Msimu wa 1909 vibarua hawakufika 200. Kufikia 1911 walikaribia 500, na wengi wao walikuja na wake zao na watoto, hata kando ya kilima pakaota kijiji. Wazungu waliokuwa wakisimamia kwa wakati mmoja hawakuzidi vidole vya mkono. Mashimo nayo yalikuwa makumi, yametawanyika msituni, mengine mbali na kambi. Hesabu hiyo peke yake inatupa swali ambalo halikwepeki. Watu wachache hivyo hawawezi kusimama katika mashimo makumi kwa siku moja. Jembe lilipogonga kitu kigumu, nani aliamua kama ni jiwe la kutupwa au ni mfupa wa kulindwa? Nani aliweka jembe chini na kuchukua kisu? Nani alijua ufa unakokwenda, na mzizi wa mti ukatwe wapi ili usiondoke na pingili ya uti wa mgongo? Mfupa uliogeuka jiwe hauchimbwi kama kisima. Baada ya kukaa ardhini miaka isiyohesabika huwa umepasuka vipande vipande ambavyo udongo ndio unaovishikilia. Ukiuondoa udongo kwa pupa, kinachobaki mkononi ni changarawe. Maamuzi hayo yalifanywa shimoni, kila saa, na watu wa Lindi waliokuwa wakifanya kazi chini ya wanyapara wao. Mgeni kutoka Berlin alipita kukagua, akapima, akachora na kuandika.

Juu ya wanyapara wote alikuwapo Boheti bin Amrani. Kumbukumbu za msafara zinamtaja kama msimamizi mkuu wa wachimbaji na fundi mkuu wa kuandaa mifupa. Naomba msikilizaji alitafakari neno hilo kuandaa, maana katika taaluma ya visukuku ndipo lilipo daraja kati ya pori na maktaba. Mwandaaji ndiye anayemtoa mnyama kutoka katika mwamba; akikosea, mwanasayansi aliyeketi mezani hana cha kupima. Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaleta msafara wao wenyewe Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931, na mmoja wa vijana wao wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, ambaye hakuwa bado na jina. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifariki kwa malaria mwaka 1925 akiwa hukohuko Lindi. Waingereza nao walimtegemea Boheti. Bendera ilibadilika, lugha ya ofisini ikabadilika, lakini ujuzi wa kilima ulibaki kwa mtu yuleyule. Mtu ambaye dola mbili zilizotoka kupigana vita zinamhitaji kwa ajili ya anachokijua, kumwita kibarua ni kukosea Kiswahili.

Kuna na wapagazi. Reli haikuwapo, na wanyama wa mizigo wasingedumu katika nchi yenye mbung'o. Kila kilichotoka Tendaguru kilikwenda Lindi juu ya vichwa na mabega, mwendo wa siku tatu hadi nne, mizigo maelfu kwa maelfu, kisha kikapakiwa melini. Mifupa mikubwa iligawanywa, ikakandikwa udongo au plasta, na mingine ikafungwa ndani ya mianzi iliyokatwa na kushonwa pamoja kama tenga refu. Matenga hayo ya mianzi yalifanya kazi nzuri kiasi kwamba baadhi yake yangalipo Berlin, miaka zaidi ya 100 baadaye, hayajafunguliwa bado.

Mtu anayetaka kujua sayansi ya wakati ule ilimhesabu nani kuwa mchangiaji, atazame majina. Jina la kisayansi la mnyama huwa na sehemu mbili, na ya pili mara nyingi hutolewa kama heshima kwa mtu. Brancai ni kwa ajili ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Dicraeosaurus hansemanni ni kwa ajili ya David von Hansemann, aliyesaidia kuchangisha fedha. Elaphrosaurus bambergi ni kwa ajili ya Paul Bamberg, mwenye viwanda aliyetoa fedha zake. Yupo hata Dysalotosaurus lettowvorbecki, mla majani mdogo aliyepewa jina la jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye vita vyake katika nchi hii viliua wapagazi na kuacha njaa katika vijiji vilivyopokonywa chakula. Jenerali hakuchimba mfupa wowote. Boheti bin Amrani alisubiri hadi mwaka 2007, ndipo mtaalamu wa Kijerumani Kristian Remes alipomwita dinosaria mmoja Australodocus bohetii. Mwaka 2019 likafuata jina Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya kabila la Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeyagundua mabaki yenyewe, pingili 30 za mkia. Miaka mia moja ilipita tangu mkono wa Keranje uiguse mifupa ile mpaka jina lake liandikwe. Siwalaumu waliofanya hivyo. Wamefanya jambo la haki, na wamelifanya kwa sababu kumbukumbu walizozisoma zilikuwa na majina hayo muda wote. Maandishi ya wachimbaji wenyewe yalikwisha kukiri kazi ya Waafrika, ila ukumbini palipoandikwa sifa pakaachwa kimya.

Hapa najua litaulizwa swali la kwanza: si walilipwa? Ndiyo, walilipwa mshahara, na hakuna ushahidi kwamba waliburutwa kwa minyororo. Lakini tuutazame mshahara huo mahali ulipotolewa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, vikaenea kusini yote, na vikazimwa kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa kwa jumla huanzia 75,000 na kufika 300,000. Mapigano yalikwisha 1907, na uchimbaji wa Tendaguru ukaanza 1909. Mkulima wa Lindi wakati huo alikuwa ametoka katika njaa, na juu yake kulikuwa na kodi iliyotakiwa kulipwa, kwa fedha ambayo hakuwa na njia nyingi za kuipata. Aliyepanda kilimani kuomba kazi alikuwa na hiari, lakini ni hiari ya mtu ambaye milango mingine imefungwa na haohao wanaomwajiri. Na hata tukiuacha uzito huo, mshahara hununua siku ya kazi. Haununui uandishi wa ugunduzi. Janensch naye alipokea mshahara wa makumbusho maisha yake yote, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa alilipwa, jina lake liondolewe kwenye maandiko yake.

Pingamizi la pili ni la kisheria. Husemwa kwamba kila kitu kilifuata sheria ya wakati ule. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu sheria ya wakati ule iliandikwa na mwenye kuchukua. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi ambayo Wajerumani waliiona haina mwenyewe ni mali ya dola. Msitu ambamo watu wa Lindi waliwinda, walikata miti na kuzika wafu wao ukahesabiwa kuwa mtupu, na kilichokuwa chini yake kikawa halali kwa Berlin. Sheria ya namna hiyo inatueleza jinsi mifupa ilivyoondoka. Haituelezi kwa nini iendelee kukaa.

La tatu ndilo zito, na msema kweli hapaswi kulikwepa. Ikiwa haki inatokana na kazi, basi Wajerumani nao walifanya kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Werner Janensch alitumia miongo kadhaa kuipanga na kuieleza mifupa ya Tendaguru, na wahifadhi wa Berlin walisafisha na kuunganisha vipande kwa maelfu kabla ya kumsimamisha mjusi yule mwaka 1937. Bila kazi hiyo tusingejua kwamba alikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, wala kwamba Afrika Mashariki na Marekani ya Kaskazini zilikuwa na wanyama waliokaribiana katika zama zile. Nalikubali hilo lote. Tena hoja yangu yenyewe inanilazimisha kulikubali. Kinachofuata, hata hivyo, ni kwamba mjusi wa Tendaguru ni kazi ya pamoja iliyoandikwa jina la upande mmoja. Katika kazi ya pamoja, mshirika mmoja hawezi kushika mali, hati, picha, kiingilio na sifa, akamwachia mwenzake shimo. Anayedai kwa hoja ya udongo anaweza kuambiwa achukue udongo wake, lakini aliyetia ujuzi wake ndani ya kitu anadai fungu katika kitu chenyewe na katika kila kinachozaliwa nacho.

Tena husemwa kwamba mifupa ile haiwezi kusafiri, na kwamba hata ikisafiri hatuna mahali pa kuiweka. Historia inajibu vizuri kuliko mimi. Mwaka 1984 mjusi huyohuyo alivunjwavunjwa, akapelekwa Japani, akasimamishwa Tokyo kwa maonyesho, kisha akarudishwa Berlin. Kabla ya hapo alikuwa amesafiri kutoka Tendaguru juu ya vichwa vya watu. Kuhusu usalama, mabomu ya Februari 1945 yalibomoa mrengo wa mashariki wa makumbusho yale ya Berlin, na mifupa hii ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imeshushwa chini na kufichwa. Silisemi hilo kwa kubeza. Nalisema kwa sababu wazo kwamba Ulaya ndiyo ghala lisilopata maafa halina ukweli. Upande wetu, fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilirejeshwa Tanzania mwaka 1965, nchi ikiwa na miaka michache tu ya uhuru, na limehifadhiwa hadi leo Dar es Salaam. Nchi iliyolitunza fuvu lile kwa miongo sita haistahili kuambiwa haijui kutunza.

Hata hivyo sisemi meli ipakiwe kesho. Mwaka 2018 serikali ilitamka kwamba haikusudii kudai mifupa irudi, ikipendelea ushirikiano na Ujerumani, na wengi walikasirika. Naielewa hasira yao, lakini kosa naliona mahali pengine. Uchaguzi uliwekwa kana kwamba kuna njia mbili tu: ama mjusi aje Lindi, ama turidhike na ahadi. Njia nyingine zimekwisha kupitwa na wenzetu. Mwaka 2022 Ujerumani iliikabidhi Nigeria umiliki wa sanaa za shaba za Benin, zaidi ya 1,000, na sehemu yake zikabaki Berlin kwa makubaliano ya mkopo: mwenye mali ni Nigeria, na makumbusho ya Berlin ndiyo yanayoazima. Mwaka 2023 kisukuku cha dinosaria aitwaye Ubirajara kilirudishwa Brazil kutoka Karlsruhe, baada ya wanasayansi wa Kibrazili kukataa kunyamaza. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba kubadilisha umiliki hakuwezekani, wala kwamba jambo hili ni la sanaa peke yake na visukuku havimo.

Kama ningeulizwa ningeanzia wapi, ningeanzia na matenga ya mianzi. Mzigo ambao haujafunguliwa kwa miaka zaidi ya 100 hauwezi kutetewa kwamba unahitajika Berlin kwa ajili ya sayansi. Ufunguliwe na wataalamu wa Kitanzania, na mifupa itakayotoka humo iandikwe kuwa mali ya Tanzania tangu siku hiyo. Pili ni karatasi: daftari za mashimo, ramani, picha na barua zote ziwekwe wazi, na zifasiriwe kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa Lindi asilazimike kujifunza Kijerumani ndipo asome habari za babu yake. Tatu, sehemu ya kiingilio kinachotozwa Berlin iende Lindi kila mwaka, kwa mkataba. Wapo wanaosema watu wa Lindi wanahitaji maji na zahanati kuliko mifupa. Ni kweli wanavihitaji, na ndiyo maana fungu hilo liwe la mkataba, lisiwe sadaka. Umiliki wa mjusi aliyesimama ukumbini ungefuata baada ya hayo, na hapo mahali atakaposimama pangekuwa ni uamuzi wa mwenye mali. Mafuvu ya mababu zetu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni, ambayo yangali Ujerumani, hayo ni suala jingine na yatangulie mbele ya mnyama yeyote. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha Songea mnamo Novemba 2023, ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa waliomsikiliza.

Wala haya si ya zamani tu. Mwaka 2019 dinosaria mwingine alitangazwa, aliyepatikana kando ya mto Mtuka katika bonde la Rukwa, na jina lake la kisayansi ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu pingili mojawapo ya mkia wake ina umbo la moyo. Nchi hii bado inatoa visukuku, na kila msimu watu wa vijijini bado wanaajiriwa kuchimba. Namna tutakavyoiandika kazi yao katika ripoti za leo ndiyo itakayoonyesha kama tunaamini tunachowadai Wajerumani.

Nina ombi moja, msikilizaji, na hasa kwa ninyi mnaotusikiliza Lindi, Kilwa, Nachingwea na Mtwara. Kati ya watu karibu 500 waliofanya kazi Tendaguru mwaka 1911, wanaokumbukwa kwa jina katika vitabu ni wachache sana. Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyewahi kusimulia habari za babu aliyebeba mawe ya Wajerumani hadi pwani, au aliyechimba mifupa ya mnyama mkubwa, kaeni naye wiki hii. Mwulizeni jina kamili, kijiji, na alilolisikia kwa mdomo wa babu yake. Liandikeni, au lirekodini kwenye simu, kisha nakala moja ipelekeni kwa ofisa utamaduni wa wilaya yenu, na nyingine muihifadhi nyumbani.